Kuleni Kwanza

Ukishuka kwenye basi Nyamalele, harufu ya mananasi inakupokea kabla hujapokewa na mwenyeji wako. Mji wenyewe si mkubwa: stendi moja, kanisa la bati jekundu, mashine mbili za kusaga, halafu mashamba yanaanza pale pale nyuma ya choo cha stendi na kwenda mpaka macho yachoke. Wenzetu wa Rwamgasa wanachimba dhahabu. Sisi tunalima mananasi, na yale yanayokosa lori tunayatwanga, tunayaloweka kwenye mapipa ya bluu, tunapata waini. Mgeni akinywa glasi moja anasifia. Akimaliza ya tatu anaomba aonyeshwe njia ya kurudi stendi, na stendi yenyewe iko mbele ya pua yake.

Lakini utamu huo usikudanganye. Nyamalele ina adabu zake, na ya kwanza ni ya msiba. Mtu akifa, jembe haliendi shamba na mchi haugusi kinu mpaka marehemu afukiwe. Hata kama mananasi yanaoza, yaoze. Ukivunja, wazee wanakaa kikao, na wakishakaa unatengwa: hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukuazima chumvi, na siku ukifiwa, utazika mwenyewe. Serikali haijaandika sheria hiyo popote, lakini kila mtoto wa hapa anaijua.

Apolonia, mama Noela, aliijua kuliko wengi. Aliolewa hapa akiwa msichana, na misiba aliyopikia haina idadi. Ndiyo maana kilichompata kiliwauma hata wale waliomtenga, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema hilo mbele za watu.

Ilikuwa hivi. Jirani yake wa ng'ambo ya uzio, Abel, alifariki katikati ya msimu. Apolonia alikesha pale, akapika, akalia na wenzake. Siku ya maziko alirudi nyumbani mara moja kumwangalia mama mkwe wake, Bibi Lusia, ambaye miguu ilishamkatalia na macho yake yalikuwa yanaona kivuli tu. Jikoni kulikuwa na beseni za mananasi yaliyomenywa kabla ya msiba, ya waini ya harusi moja ya Ushirombo, na yalishaanza kutoa povu. Akiwa pale akasikia wimbo kutoka makaburini, ule ambao kwaya huuimba udongo ukishaingia. Akasema moyoni, basi, tumeshamzika ndugu yetu. Akashika mchi.

Kumbe kaburi lilikuwa limegonga mwamba. Wanaume walikuwa wanapokezana sururu, jeneza bado liko juu ya benchi, na wanakwaya, kwa kuona kimya kimezidi, wakaanza wimbo ule kabla ya wakati wake. Ulipokwisha, watu wote makaburini wakasikia kinu: du, du, du. Vaileth, mjane wa Abel, aliinua uso. Kinu kile cha mninga kilikuwa na sauti yake, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni cha nani.

Hata hilo lingesameheka. Angesema nimekosa, wazazi wangu, nilidhani mmeshafukia, ingeisha kwa kuku mmoja na mzaha kidogo. Lakini Apolonia ana mdomo, na siku hiyo alikuwa amechoka. Alipoitwa mbele ya wazee aliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Masalu, mkubwa wa wazee, alimuuliza:

"Mama Noela, huoni kwamba umemtwangia marehemu kichwani?"

"Kwani maiti inasikia?" akajibu.

Vaileth alikuwa amekaa pale pale chini, kitambaa cha msiba kichwani. Alijifunika uso kwa viganja tu. Masalu akasimama, akakung'uta kofia yake gotini, na kikao kikaisha.

*

Kesho yake vitu vilianza kurudi. Ungo ulioazimwa mwaka jana aliukuta umeegemezwa kwenye uzio. Baadaye sufuria kubwa, kisha chepe, kisha kikombe cha bati ambacho yeye mwenyewe alishakisahau. Hakuna aliyebisha hodi. Mashineni, ndoo yake ya mahindi ilisukumwa kwa mguu mpaka ikawa ya mwisho, na ilipofikiwa, mwendesha mashine alizima mota akaenda kunywa chai.

Jumapili, padri aliposema tutakiane amani, Apolonia alinyoosha mkono upande wa kulia. Mwenzake akainama kutafuta rozari ambayo alikuwa ameivaa shingoni. Akanyoosha kushoto. Mtoto mdogo akaupokea akicheka, mama yake akamvuta. Aibu gani hiyo, jamani, ndani ya nyumba ya Mungu! Alirudi nyumbani akiwa ameushika mkono wake mwenyewe, na njia nzima hakuna aliyemuuliza umeamkaje.

Mumewe, Telesphori, alikuwa Rwamgasa na wenzake, kwenye duara, shimo lao la dhahabu. Apolonia alimpigia simu.

"Njoo uongee na wazee, baba Noela. Wewe ni mtoto wa hapa, watakusikiliza."

"Nikitoka sasa, nafasi yangu anaingia mwingine. Tumefika kwenye mwamba wenye dalili."

"Kila mwaka mna dalili."

"Apolonia, mimi ndiye niliyetwanga?"

Apolonia alikata simu. Noela naye alikuwa ameolewa Chato, ana kichanga cha wiki chache, na mama gani anamwambia binti aliyejifungua mambo kama haya? Akanyamaza nalo. Akawa anaongea na kuku, anaongea na mapipa. Siku nyingine alijikuta anaisalimia redio, mwangaluka, halafu akaona haya kana kwamba kuna mtu amemsikia.

Aliyebaki ni Bibi Lusia. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha linalotazama njia, na furaha yake yote ilikuwa kusikia watu wakipita.

"Nani huyo kapita?" aliuliza.

"Mama Frank, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Anakuamkia."

"Marahaba! Mwambie aingie siku moja, nimesahau sauti yake. Na huyu?"

"Marselino, katekista. Anasema shikamoo."

"Marahaba, baba."

Na Marselino alikuwa ameshapita zamani, ameinamisha kichwa. Siku zikaenda hivyo, Apolonia akiwagawia watu salamu ambazo hawakuzitoa, mpaka msimu mwingine wa mananasi ukakaribia.

Siku moja Bibi Lusia hakuuliza nani kapita. Aligonga ukingo wa kitanda kwa kiganja. "Kaa hapa, mwanangu. Unanidanganya."

"Mayu?"

"Mtu anayeamkia anasimama. Miguu yake inatulia kidogo, halafu inaendelea. Hawa hawatulii. Wakifika kwenye uzio wetu wanaongeza mwendo. Tumetengwa?"

Apolonia akalaza kichwa kwenye godoro akalia, akamweleza yote, hata lile neno alilolisema mbele ya wazee. Bibi Lusia alisikiliza mpaka mwisho.

"Neno hilo ni baya," alisema.

"Nimekuponza, mayu."

"Umeniponza kweli. Mji huu nimeanza kuzika watu wake ukiwa pori. Nimewaosha, nimewafunga videvu, nimewalilia. Na mimi nataka nizikwe na watu, Apolonia. Nisikie watu uani kwangu. Sitaki kufukiwa na wewe na kuku." Alipumzika kidogo, kifua kikimpanda na kushuka. "Nenda kwa Masalu. Mdomo uliotukana ndio ukaombe."

*

Masalu alikuwa uani kwake anapukuchua mahindi, mbwa wake amelala karibu. Apolonia alipiga magoti pale kwenye vumbi.

"Shikamoo, baba."

Punje zikaendelea kudondoka kwenye beseni. Apolonia akasema yote akiwa amepiga magoti vile vile: kwamba alikosea kutwanga, kwamba alikosea zaidi kusema, kwamba kiburi ndicho kilichomzuia kuja mapema. Mkubwa wa wazee hazungumzi na aliyetengwa, kwa hiyo Masalu alipomaliza gunzi alimgeukia mbwa.

"Sikia, Simba. Wazee nitaongea nao. Wakikubali, huyu mtu apike Jumamosi, watu waje. Mwenye kidonda, mjane wa Abel, ndiye atakayemega tonge la kwanza. Akimega, tumemrudisha. Asipomega, tunaondoka na njaa zetu."

Mbwa alipiga mwayo. Ungekuwa wewe ungecheka, lakini Apolonia alikuwa anamtazama mbwa yule kama anavyotazamwa hakimu.

"Baba, mayu hali yake si nzuri. Akitutoka kabla ya Jumamosi?"

Masalu alichukua gunzi lingine. Mama yake mwenyewe alipooshwa kwa maziko, aliyemwosha alikuwa Lusia.

"Simba, kabla ya tonge hatuijui nyumba ile. Mwambie huyo amwombee mama afike."

*

Ijumaa nzima Apolonia alifanya kazi ya wanawake kumi. Mbuzi alichinjiwa na muuza nyama wa stendi, ambaye si mtu wa kitongoji. Maji alichota mwenyewe, kuni alipasua mwenyewe, waini aliichuja kwa kitambaa cheupe mpaka mikono ikanata. Kila baada ya muda alikuwa anaingia chumbani.

"Umefika wapi?" Bibi Lusia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nyama iko tayari, mayu. Kesho watakuja."

"Wakija, usifunge dirisha."

Alfajiri ya Jumamosi Apolonia aliingia na uji. Bibi Lusia alikuwa amegeuza uso upande wa dirisha, mkono mmoja nje ya blanketi. Mkono ulikuwa wa baridi.

Uji ukamwagika sakafuni. Apolonia alifungua kinywa, na kilio chote kikaja mpaka kooni. Akakumbuka. Akiitoa sauti ile, mji wote utajua, na hakuna atakayekuja, kwa kuwa tonge lilikuwa bado. Alijaza kanga mdomoni akaing'ata. Akalia hivyo, bila sauti, ameinama juu ya magoti ya mama mkwe wake, mpaka jogoo wa jirani wakamaliza kuwika.

Kisha akafanya aliyofundishwa na Lusia mwenyewe. Alimfumba macho, akamfunga kidevu, akamnyoosha miguu, akamfunika kwa kitenge kipya mpaka mabegani kama mtu aliyelala. Mshumaa aliogopa kuuwasha, harufu ingemchongea. Alimpigia Telesphori, simu ilikuwa haipatikani, yuko chini ya ardhi na dalili zake. Basi akaenda jikoni, akawasha moto wa ugali. Dirisha aliliacha wazi.

*

Walikuja. Mungu wangu, walikuja! Walikuja na viti vyao, na watoto wao, wakajaa uani wakiwa kimya kama watu waliofika mahakamani. Hakuna aliyemsalimia, kwa sababu ilikuwa bado. Apolonia alipita na birika kuwanawisha mikono, mmoja baada ya mwingine, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Moshi," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Ugali uliwekwa katikati, nyama kando yake, waini kwenye madumu kivulini. Vaileth alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya wote, mikono imenawishwa, lakini hakuinyoosha. Watu walisubiri. Mtoto mmoja aliomba nyama akafinywa.

"Mama Festo," Masalu alimwambia Vaileth, akimwita kwa jina la mwanawe, "sisi wote tunakutazama wewe."

"Najua, baba. Lakini siwezi kula kwenye nyumba ambayo sijamwamkia mkubwa wake." Akasimama.

Apolonia aliliacha birika. "Amelala, mama Festo. Usiku alikohoa sana. Mwache kidogo."

"Nitamwamkia akiwa amelala."

"Mama Festo, nakuomba."

Vaileth alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu maziko ya Abel macho yao yakakutana. Kisha akainama kwenye mlango mdogo, akaingia.

Apolonia alibaki amesimama. Alisikia kila kitu: nzi juu ya nyama, dumu likitiririsha povu, pumzi yake mwenyewe. Mwanamke yule akitoka na kupiga yowe, mambo yameisha. Na ana haki. Alitwangiwa maiti yake. Leo ameletwa kulishwa juu ya maiti nyingine. Nani angemlaumu? Bibi Lusia atafukiwa na yeye na kuku, kama alivyoogopa.

Vaileth alichelewa mle ndani. Alipotoka, uso wake ulikuwa hausomeki.

"Niongeze maji," alisema. "Mikono imekauka."

Apolonia alimmiminia. Birika lilikuwa linagonga beseni kwa kutetemeka, na Vaileth akalishika kwa mkono mmoja ili litulie, akanawa taratibu, mpaka kwenye viwiko, kama anavyonawa mtu aliyegusa kisichoguswa bure. Kisha akakaa mkekani, akamega tonge kubwa, akalichovya mchuzi, akala. Alilitafuna kwa shida. Alilimeza.

"Bibi kasema kuleni kwanza," aliwaambia watu.

Uani kukachangamka. Mikono ikaenda kwenye masinia, mifupa ikaanza kunyonywa, waini ikazunguka. Mtu mmoja akasema imekolea, mwingine akasema huyu mama mkono wake haujapotea, mama Frank akacheka kwa sauti kubwa mno, kwa furaha ya kuruhusiwa. Masalu alimaliza sahani yake, akafuta ndevu, akasimama.

"Tumekula," alisema. "Mama Noela, umerudi. Habari za hapa?"

Lilikuwa swali la kawaida, la kila siku, na Apolonia alikuwa hajaulizwa muda mrefu. Vaileth aliweka sahani chini, akamwendea, akamkumbatia mabega.

"Sasa lia, dada," alimwambia. "Lia."

Sauti iliyomtoka Apolonia iliwasimamisha watu wote. Wanawake walielewa kwanza; wakatupa vikombe, wakakimbilia mlangoni, na vilio vikapokezana mle ndani. Mzee mmoja alichungulia mlangoni, akarudi amekasirika.

"Tumelishwa juu ya maiti! Masalu, umeona? Mwili umekauka, huyu mwanamke amejua tangu asubuhi!"

Masalu alimtazama Vaileth.

"Tonge la kwanza nimemega mimi," Vaileth alisema. "Nilikuwa nimeshamwona. Kama kuna wa kutengwa, nitengeni na mimi, halafu mtafute wa kuwapikia misibani."

Masalu alivua kofia yake, akaiweka juu ya kiti.

"Sururu iko wapi?" aliuliza.

*

Jioni ilipokaribia, uani kulikuwa na watu wengi kuliko asubuhi. Wanawake walikuwa wamekilaza kinu cha mninga ubavu na kuuficha mchi nyuma ya ghala. Kutoka upande wa makaburi ilisikika sururu. Telesphori alikuwa amepatikana kwenye simu, akasema yuko njiani, na safari hii alilia kabla ya kukata.

Kila aliyeingia alisimama mlangoni, akasema pole mama Noela, pole sana. Apolonia alikuwa ameota ndoto za salamu hizo. Sasa zilikuwa zinamfikia zote kwa mpigo, na aliyezitaka kuliko yeye alikuwa hawezi kuzipokea. Alikaa chini kando ya kitanda, akaushika ule mkono uliokuwa nje ya blanketi.

"Mayu," alisema taratibu, "huyo aliyepita ni Masalu. Amebeba sururu mwenyewe. Huyo ni mama Frank, analeta maji. Huyo mwenye kikohozi ni Marselino." Akamgeukia Vaileth aliyekuwa ananyoosha shuka upande wa miguuni. "Anasikia?"

Vaileth alimaliza kwanza kona ya shuka.

"Abel alisikia," alisema. "Na huyu anasikia. Endelea kumtajia."

Apolonia akaendelea kuwataja, mmoja mmoja, kila ambaye miguu yake ilitulia mlangoni.